Indiketa zilizomezwa na taa ya breki

Jioni moja mwezi uliopita nilikuwa naendesha gari kutoka Ndosho kuelekea katikati ya mji, mbele yangu pikipiki ya abiria. Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, giza halibishi hodi. Saa kumi na mbili jua bado unaliona juu ya vilima vya Masisi, ukigeuza shingo mara ya pili umeshawasha taa. Motari, yaani dereva wa pikipiki hiyo, alimbeba mama mmoja, na mama amepakata mfuko. Taa yake ya nyuma ilikuwa mpya, ya LED, nyembamba na ndefu kama kitana, yote nyekundu. Ikaanza kuchezacheza. Nikasema moyoni, huyu waya wake umelegea. Akapunguza mwendo, nikaona nafasi, nikasogea kushoto nimpite. Naye akakata kushoto.

Breki zilinifaa. Gari lilisimama karibu na goti la yule mama kiasi kwamba nilihesabu maua ya kitenge chake. Motari akageuka. Hakutukana, aliuliza tu: “Papa, haukuona klinyota?”

Klinyota ni indiketa, na niliiona. Na hapo ndipo shida ilipo. Niliiona ikiwaka, nikaisoma vibaya. Alifanya kila kitu ambacho mwalimu wa kuendesha angemwambia afanye: aliwasha indiketa mapema, alipunguza mwendo, alishika katikati ya barabara kabla ya kukata. Chombo kilichopaswa kunieleza haya yote kilinieleza jambo jingine kabisa, kwamba hapa kuna pikipiki ambayo taa yake inaelekea kuharibika. Kama ningemgonga, polisi wangesema nilimpita mtu aliyekuwa anakata, na wangesema kweli.

Taa hiyo mmeshaiona. Ni kioo kimoja cha plastiki chini ya kiti, na ndani yake safu za LED zinazofanya kazi tatu. Katikati ni taa ya usiku, hiyo hiyo huzidi kung’aa ukikanyaga breki, na kwenye ncha mbili kuna vipande vidogo vinavyopepesa kushoto au kulia. Vile vijiti viwili vya indiketa vilivyotokeza kama masikio ya mbuzi vinang’olewa, mkia unabaki laini. Asili yake ni wapenzi wa pikipiki za mbio huko Ulaya na Marekani, watu ambao madigadi ndefu na masikio ya plastiki viliwachukiza macho wakaamua kuvikata. Wauzaji wengi wa huko huandika kwa herufi ndogo kwamba bidhaa hiyo ni ya maonyesho au ya kutumika nje ya barabara za umma. Herufi ndogo hazivuki bahari. Taa ikifika kwenye duka la vipuri hapa kwetu, kilichobaki kwenye boksi ni picha na bei.

Tuanze na kipimo, kwa sababu katika jambo hili kipimo kinasema zaidi kuliko ladha ya mtu. Kanuni namba 53 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu namna taa zinavyofungwa kwenye pikipiki, inataka indiketa mbili za nyuma ziachane kwa milimita 180 angalau, ukipima kutoka ukingo wa ndani wa moja hadi ukingo wa ndani wa nyingine. Za mbele ziachane kwa milimita 240. Zisiwe chini ya milimita 350 kutoka ardhini wala juu ya milimita 1,200. Marekani, ambayo ina vitabu vyake na haifuati kanuni hiyo, imefika mahali pale pale kwa njia nyingine: vitovu vya indiketa za nyuma viachane kwa inchi 9, kama sentimita 23, na pikipiki ikiwa na taa moja ya nyuma katikati na indiketa zake ni nyekundu, basi kati ya ukingo wa taa hiyo na ukingo wa indiketa pawe na inchi 4, yaani sentimita 10, za utupu. Sentimita 10 za kitu ambacho si taa. Watu wawili wasiosoma kitabu kimoja wamekubaliana kwamba indiketa inahitaji giza pembeni yake ili isomeke.

Ile taa ya kitana nilikuja kuipima baadaye kwa fundi wangu, nyingine ya aina ile ile. Ncha hadi ncha, sentimita 16. Kati ya vipande viwili vya indiketa, sentimita 7. Kati ya indiketa na taa ya breki, hakuna kitu. Zimegusana bega kwa bega.

Sentimita 7 mkononi unaziona nyingi. Zipeleke mbali kidogo uone zinavyoyeyuka. Nyoosha mkono wako mbele ya uso. Sentimita 18 zikiwa mita 50 mbele yako, machoni zina upana wa kijiti cha kiberiti ulichokishika kwa mkono ulionyooka. Sentimita 7 kwa umbali ule ule zina upana wa chembe ya sukari. Jicho zima, mchana, linaweza kuona chembe ya sukari kwa urefu wa mkono. Lakini hapa hatuulizi kama inaonekana. Tunauliza kama dereva mwenye kioo kichafu cha gari, vumbi jeusi la lava likiwa hewani na taa za lori linalokuja zikimpiga usoni, anaweza kusema ni upande gani wa chembe hiyo unaopepesa. Na awe na jibu kabla hajaamua kupita.

Halafu kuna mwanga wenyewe. Taa kali huwa na ukungu unaoizunguka, na ukungu huo unatengenezwa ndani ya jicho pamoja na uchafu wa kioo. Chochote hafifu kilicho jirani humezwa. Taa ya breki imetengenezwa iwe kali kuliko taa ya usiku mara kadhaa, ndiyo kazi yake. Sasa fikiria ni lini hasa motari anahitaji indiketa yake isomeke: anapokata kona. Na anapokata kona anafanya nini kwa mguu wake wa kulia? Anakanyaga breki. Kwa hiyo saa ile ile ambayo indiketa ina neno la kusema, jirani yake mwenye sauti kubwa anaanza kupiga kelele. Mtengenezaji mwenye akili anaweza kupunguza tatizo hili kwa kuzima sehemu ya taa nyekundu iliyo upande unaopepesa. Nimeona chache za namna hiyo. Nyingi zinawasha vyote kwa pamoja na kuacha jicho lako liamue.

Rangi nayo. Ulaya na nchi nyingi duniani, indiketa ni ya rangi ya machungwa. Marekani inaruhusu ya nyuma iwe nyekundu, na shirika la serikali yao la usalama barabarani lilichunguza jambo hilo kwa magari mwaka 2009: magari yenye indiketa za machungwa yaligongwa nyuma wakati wa kukata kona, kubadili njia au kuegesha mara chache zaidi kwa asilimia 5.3 kuliko yenye nyekundu. Asilimia tano si muujiza, lakini ni tofauti inayopatikana kwa kubadili rangi ya plastiki tu, na hiyo ni kwa magari ambayo taa zake zimeachana kwa mita nzima na zaidi. Taa ya kitana niliyoifuata kutoka Ndosho ilikuwa imeondoa umbali na rangi kwa mkupuo.

Sitaki mtu aseme naichukia LED. Ingekuwa mimi, kila pikipiki ya Goma ingekuwa na taa za LED. Barabara zetu nyingi zimepita juu ya mawe ya Nyiragongo, mengine ya mwaka 2002, na uzi mwembamba ndani ya balbu ya kawaida hauna maisha juu ya mawe yale. Unatikisika mpaka unakatika, na motari hajui, kwa sababu taa ya nyuma mtu haioni akiwa juu ya pikipiki. LED haina uzi wa kukatika. Tena inawaka papo hapo, wakati balbu inahitaji kama sehemu ya tano ya sekunde ipate moto kamili. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hiyo ni karibu mita 3 ambazo dereva wa nyuma amepewa bure. Mita 3 zingemfaa sana yule mama wa kitenge cha maua. Ugomvi wangu ni na mahali ilipowekwa.

Wala kuunganisha taa si dhambi yenyewe. Skuta nyingi zina indiketa ndani ya mkia na zinasomeka vizuri, kwa sababu mkia wa skuta ni mpana, milimita 180 zinapatikana bila kubanana. Na Harley-Davidson imewahi kuuza Marekani pikipiki kadhaa, Forty-Eight mojawapo, ambazo zimefanya kinyume kabisa: zimeondoa taa ya katikati, zikaingiza taa ya usiku na ya breki ndani ya zile indiketa mbili za pembeni. Sipendi wekundu wake, lakini angalau umbali umebaki. Moja ikipepesa na nyingine ikitulia, unajua upande. Kwenye pikipiki zetu nyembamba za Kihindi, ambazo mkia wake hauzidi kiganja cha mtu mzima, hakuna namna ya kuingiza milimita 180 ndani ya taa isipokuwa taa yenyewe itokeze pembeni, na ikitokeza pembeni tumerudi kwenye masikio ya mbuzi.

Sasa niwape wamotari haki yao, maana wana hoja na hoja yao ni nzito.

Niliyekaribia kumgonga aliniambia, tukiwa tumesimama pembeni na abiria wake akiendelea kunipima kwa macho, kwamba indiketa za kiwandani zilidumu kwake siku chache tu. Ya kulia aliiangusha mwenyewe siku ya mvua. Ya kushoto iliondoka na godoro. Alibeba godoro la mteja, kamba ikapita chini ya keria, ikakaza, kijiti kikavunjika. “Inavunjika leo, naitengeneza, kesho inavunjika tena. Iyi ya ndani haivunjikake.” Na kweli haivunjiki. Pita Birere asubuhi, pale pikipiki, chukudu za mbao za kubebea mizigo, mabeseni ya samaki na watu wanapopishana kwa upana wa kiwiko, halafu hesabu pikipiki ambazo masikio yake yote manne ni mazima. Utahesabu kwa vidole na vidole vitabaki.

Kwa hiyo motari hachagui kati ya indiketa nzuri na indiketa mbaya. Anachagua kati ya indiketa mbaya na kisiki chenye nyaya mbili zilizofungwa mfuko wa plastiki. Anayekaa ofisini akaandika kwamba taa za pamoja zipigwe marufuku kesho, na asiseme lolote kuhusu godoro, anaandika kwa ajili ya ofisi. Ningekuwa na la kulazimisha, ningeanza na wanaoingiza vipuri: indiketa yenye shingo ya mpira, inayolala ikigongwa na kurudi, ni kitu cha zamani na rahisi. Pikipiki nyingi zinatoka kiwandani zikiwa nayo. Zinazouzwa hapa kama za kubadilishia ni za shingo ngumu, kavu kama biskuti, na ndizo zinazomfanya mtu akate tamaa na masikio moja kwa moja.

Lakini hoja ya motari ina tundu. Indiketa iliyovunjika inajulikana kuwa haipo, na asiye nayo hutumia mkono. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao nchi yetu ni mwanachama wake, unasema hivyo hivyo: dereva aonye kwa indiketa, na asipokuwa nayo aonye kwa mkono ikiwezekana. Goma tumeuongezea mkataba huo vipengele vyetu. Motari ananyoosha mguu upande anaokwenda. Au anamwambia mteja, “toa mukono, mama,” na mama anatoa mkono kama anayepunga kuku. Dereva wa nyuma akiona mkono wa kitenge umetoka kushoto, haulizi swali. Ni ishara kubwa, haina haja ya rilei, kile kifaa kinachopepesesha indiketa, wala betri, na inatoka nje ya kivuli cha pikipiki kwa nusu mita. Giza likiingia inapotea, hilo nakubali. Ila mwenye taa ya kitana hanyooshi mguu wala haombi mkono wa mteja. Anaamini ameshasema. Ile imani ndiyo iliyonipeleka hadi kwenye goti la mtu.

Baada ya tukio lile nilikwenda kwa fundi wangu wa Katindo na kumwomba kitu cha ajabu kidogo. Alikuwa na pikipiki mbili za TVS za kutengeneza, moja na masikio yake, nyingine na taa ya pamoja. Nikamwomba aziweke sambamba zikitazama ukuta, giza likianza, na kijana wake akae katikati abonyeze kushoto na kulia anavyotaka. Mimi nirudi nyuma hatua kwa hatua, niseme ninachoona. Fundi alicheka, lakini alikubali, nadhani kwa sababu alitaka kunishinda. Yeye ndiye anayezifunga.

Hatua ishirini, nilipata zote. Fundi akatikisa kichwa: “Unaona? Iyi njo ya kisasa.” Hatua hamsini, ile ya masikio bado naisoma bila kufikiri. Ya pamoja naisoma pia, ila najikuta nakodoa macho na kungoja ipepese mara ya pili na ya tatu kabla ya kujibu. Nikamwambia kijana akanyage breki. Hapo nikaanza kubahatisha. Nilijua kuna kitu kinapepesa. Upande gani, nilikuwa natoa jibu kama mtu anayepiga kura. Fundi akaja kusimama nilipo mimi, akatazama kimya, akamwambia kijana arudie. Akabahatisha naye. Kisha kijana, bila kuambiwa, akavua koti lake akalitundika juu ya kiti likaning’inia nyuma, kama nguo ya abiria. Ya masikio ilibaki na sikio moja na nusu. Ya pamoja ikazimika yote, na breki pia.

Hilo la nguo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Taa iliyo katikati, juu, chini tu ya kiti, ndiyo inayofunikwa kwanza na kitenge, koti la mvua au mfuko. Masikio yako chini na pembeni. Yanafunikwa pia, lakini mara chache kwa pamoja.

Kutoka upande mambo ni mabaya zaidi, na hapa ndipo ningependa wenye magari wanisikilize, maana wengi wanafikiri indiketa ya nyuma ni ya kumwambia aliye nyuma tu. Ile kanuni namba 53 inataka indiketa ionekane hadi nyuzi 80 kwenda nje, yaani karibu ubavuni kabisa. Nenda Rond-point Signers saa moja jioni uone sababu. Pale hakuna anayekufuata nyuma kwa mstari ulionyooka. Watu wanakuja kwako wakitokea mabegani. Anayetaka kuingia kwenye mzunguko anakutazama ubavu, anataka kujua kama unatoka au unaendelea kuzunguka. Sikio lililotokeza nje linamwambia. Taa iliyozama kati ya keria na madigadi haimwambii kitu, kwa sababu kutoka alipo haioni kabisa. Indiketa ya mbele ingemsaidia, kama ipo. Aliyeng’oa za nyuma kwa ajili ya urembo mara nyingi ameng’oa na za mbele.

Kuna jambo la mwendo wa kupepesa, nalipita haraka. Rilei nyingi za pikipiki hizi zinapima umeme unaopita ndipo zijue kasi ya kupepesa. LED inakunywa umeme kidogo, rilei inadhani balbu moja imekufa, inaanza kukimbia. Kawaida inayokubalika ni kupepesa mara 60 hadi 120 kwa dakika. Zile zinazokimbia zinatetemeka tu, na kwa macho ya dereva aliyechoka mtetemeko ni dalili ya waya mbovu, kama nilivyodhani mimi. Dawa ni rilei ya LED, kipande kidogo cha bei ndogo, au rizista kwa asiyejali joto lake. Ukinunua taa bila rilei yake, umenunua nusu. Fundi anayekufungia bila kukuambia hivyo, muulize.

Fundi wangu alikuwa na jibu lake kwa suala la godoro, na alinionyesha bila mbwembwe. Alitoa kipande cha tairi kuukuu, lile lile wanalokatia kandambili, akakikata vipande viwili vya urefu wa kidole, akatoboa kila kimoja katikati apitishe waya, akafunga upande mmoja kwenye kibati cha namba na upande wa pili kichwa cha indiketa kilichobaki baada ya shingo kuvunjika. Akakipiga ngumi. Kikalala, kikarudi. Taa ya kitana aliiacha mahali pake iendelee na kazi ya usiku na ya breki, na nyaya za indiketa akazihamishia kwenye masikio ya tairi. Tukapima: sentimita 24 kutoka ukingo hadi ukingo.

Mwenye pikipiki alipokuja kuichukua hakufurahi. Alisema sasa inafanana na ya mzee wa kijijini, na kwamba yeye alilipia mkia laini. Wakabishana kidogo na fundi kuhusu pesa, mimi nikajifanya nasoma simu. Mwishowe aliondoka nayo, masikio yakitikisika kwenye mawe ya mlango wa garaji, na alipofika barabarani akawasha ya kulia, akanyoosha na mguu.